Vyura wa Ndani na Vyura wa Bondeni

Juzi nilirudi nyumbani na ule uchovu wa Tunduma, ambao wewe uliyewahi kukaa hapa huna haja ya kuelezwa. Kutwa nzima nilikuwa kwenye ofisi yetu karibu na geti la mpaka, nikihangaikia malori ambayo hayaendi mbele wala hayarudi nyuma, madereva wananipigia kelele kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kiingereza cha kuokoteza. Vumbi la kiangazi lilikuwa limenikaa mpaka kwenye meno. Nilivua viatu mlangoni, nikajitupa kwenye kiti cha sebuleni na mkoba wangu begani, nikafumba macho. Ndipo nikasikia chura.

Alilia mara moja, akanyamaza. Kisha akalia tena, na mwenzake akamjibu, sauti nyembamba kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko cha chai. Kabla akili yangu haijafika, miguu ilikuwa imeshanisimamisha, natembea kwenda mlango wa nyuma kutazama mawingu. Mwezi wa nane! Mawingu gani ya mvua yanatafutwa Tunduma mwezi wa nane? Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, ni wa kwangu hao. Si nilikwambia? Wako kwenye sanduku."

Alikuwa ameniambia, sikatai, ila mtu akichoka huitikia "eeh, sawa" hata kwa jambo asilolisikia. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi watu wa nchi za mbali wanavyofuga vyura wadogo sebuleni, ndani ya sanduku la kioo, upande mmoja maji, upande mwingine udongo na mimea, na maporomoko madogo yanayozungushwa na pampu. Basi fundi vioo akamkatia vipande, pampu akaagiza kwa mtu anayevuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya Zambia, na vyura akaletewa na mwenzake wa shule kutoka mtaro wa shamba la kahawa huko Mbozi, ndani ya chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Jani limekaa mahali pa jani, jiwe limekaa mahali pa jiwe.

Akaniuliza kwa nini nimesimama vile, kama mtu anayewahi basi. Nikamwambia nimekumbuka nguo kambani. Hakukuwa na nguo kambani. Sikuwa na nguvu ya kumweleza, maana ni habari inayotaka mtu aanzie mbali, na mimi nilikuwa sijala. Lakini wewe nitakueleza. Wewe tumezeeka pamoja.

Nililelewa na bibi, mama yake mama yangu, kwenye mteremko mmoja wa Ileje, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Isongole. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo na paa la nyasi, yenye vyumba vitatu, na jiko lilikuwa nje likisimama peke yake na moshi wake. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia mpaka ndani, ukitoka kitandani unahisi kama umevaa nguo ambazo hazijakauka. Chini kabisa kulikuwa na bonde lenye matete na chemchemi, na huko ndiko tulikochota maji. Ukiteremka na ndoo asubuhi unarudi na magoti yanayotetemeka. Jioni unateremka tena.

Bibi aliniita mke mwenzake. Babu alikuwa amekwisha kufa kabla sijazaliwa, lakini utani haukufa naye. "Mke mwenzangu, leo zamu yako ya kumpikia mzee," angesema, akinisukumia sufuria la maboga ya kupondwa na karanga. Nami nilisonga ugali nikijiona mtu mzima. Tulikula ndizi za kuchoma, tulikula kande, na msimu wa kumbikumbi tulikula kumbikumbi mpaka mikono inang'aa mafuta. Juu ya meko, kwenye kamba iliyokolea masizi, yalining'inia mahindi ya mbegu, makubwa, yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake, yanakunywa moshi mwaka mzima ili wadudu wasiyaguse. Hayo hayakuliwa hata kama njaa ingekaa mlangoni. Kuyagusa tu nilichapwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo binti yangu hangenielewa. Mwezi wa kumi watu wote wa mteremko ule walikuwa wameshalima, matuta yamepangwa, majani yamechomwa, na mbegu ziko tayari kwenye vikapu. Lakini hakuna aliyepanda. Walimsubiri bibi. Hakuwa chifu, hakuwa mganga, hakuna mtu aliyemtawaza. Mama mkwe wake alikuwa anafanya hivyo, akafa, na watu wakaendelea kutazama shamba lile lile. Shamba letu lilikuwa kando ya njia, kila mtu analiona. Siku bibi alipotoka na kikapu chake akafukia punje za kwanza kwenye tuta la kando ya njia, kabla ya jua kukolea mteremko wote ungekuwa umeinama.

Na bibi naye alisubiri vyura. Si chura yeyote. Baada ya manyunyu ya kwanza vyura wawili watatu hulia, na bibi alikuwa anawacheka: "Hao ni vijana, wanajaribu sauti." Alisubiri mpaka bonde zima lilie kwa pamoja, wale wanene wanaokoroma na wale wadogo wa kwenye matete, walie jioni mpaka yeye apitiwe na usingizi, na akiamka asubuhi awakute bado wanalia. Hapo alijua ardhi imelowa mpaka chini na mvua haitageuka. Alikuwa anaketi kwenye kizingiti jioni, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na mimi nimekatazwa kutwanga. Nikikohoa aliniangalia vibaya.

Kisha akaja mwalimu.

Alikuwa mtu wa Pwani, kijana bado, na baridi ya Ileje ilimwonea kweli kweli. Alivaa sweta mwaka mzima, hata mwezi wa kumi, na sisi tulimcheka kwa siri. Alitufundisha sayansi darasa la tano. Walimu wengine walitufundisha sayansi kwa ubao na fimbo, yeye alitaka tuone. Mgahawa wa karibu na shule ulikuwa umefungwa, mwenyewe amehamia Tunduma kufuata wateja, na kabati lake la maandazi lilikuwa limeachwa uani, lile kabati la kioo linalowekwa mbele ili mpita njia aone maandazi na ateseke. Mwalimu aliliomba. Akaziba nyufa kwa lami aliyookota barabarani, akalijaribu kwa maji, likavuja, akaziba tena. Tukamletea mawe ya mtoni, udongo mweusi, matete mafupi yenye mizizi, na yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe yenye kivuli. Upande wa kushoto maji ya kufika kwenye kifundo cha mtoto, upande wa kulia nchi kavu. Juu alitundika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa misumari. Ukimimina maji kwenye kopo, mvua inanyesha ndani ya kabati. Tuligombania zamu ya kunyesha mvua mpaka tukatoleana damu puani.

Vyura tuliwakamata bondeni, wale wadogo wa kwenye matete, kila mmoja hazidi ukucha wa kidole gumba. Mchana wakikaa juani wanakuwa weupe kana kwamba wamepakwa unga, ukiwatia kivulini wanarudi rangi ya majani, na wakiruka unaona mapaja mekundu waliyoyaficha. Tuliwalisha nzi. Tuliweka ndizi iliyooza kwenye kona ya kabati na nzi wakaja wenyewe, chakula na mlaji wakakutana bila sisi kusumbuka. Mwalimu alitaka tuone wakitaga, tuone viluwiluwi wakiota miguu. Alisema ni ajabu ambayo mtu akiiona utotoni haimtoki. Alikuwa na macho ya furaha yule mwalimu. Nikiwatazama walimu wa siku hizi wanavyoshuka kwenye bodaboda asubuhi wamekwishachoka kabla ya kengele, namkumbuka.

Tatizo lilikuwa darasa. Lilikuwa na bati bila dari, na mwezi wa kumi lilikuwa tanuri. Vyura wakaanza kufa. Mwalimu akaja kwa bibi, maana nyumba yetu ilikuwa karibu na shule na paa la nyasi linatunza ubaridi, tena bibi alikuwa amezoea kumlisha siku anazoshindwa kuwasha kuni.

"Mwalimu," bibi alimwambia, "mimi nina mbuzi, nina kuku, nina huyu mke mwenzangu ambaye hashibi. Sasa na vyura nao wanataka kukaribishwa?"

Alikubali huku anacheka. Kabati likabebwa na wavulana wa darasa la saba, likawekwa kwenye chumba cha katikati, chini ya dirisha linalotazama bonde. Ni dirisha hilo hilo lililokuwa linaingiza sauti za bondeni mpaka chumbani kwa bibi, maana kati ya vyumba hivyo hakukuwa na mlango, kulikuwa na pazia la kitenge tu. Wakati ule hakuna aliyelifikiria hilo, na kwa kweli ni nani angelifikiria? Vyura wenyewe walikuwa kimya. Mara chache mmoja alitoa sauti moja akajuta. Bibi alikuwa akipita anawasemesha, "Haya, wageni, mmeamkaje?" na kuwamwagia maji ya kuoshea mchele.

Mwisho wa mwezi wa kumi bibi alishikwa na homa. Ilikuwa homa ya kawaida, ya kutetemeka na kutoka jasho, akanywa mchaichai na vidonge vya zahanati, akajilaza. Siku zile ndizi zetu zilikuwa zimeiva mkungu juu ya mkungu, na jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo na moyo mzuri, alikuwa anakwenda mnadani Isongole. Bibi akaniambia nifuatane naye. Tukaenda, tukauza, tukalala kwa mdogo wake yule jirani. Siku hiyo mawingu yalikusanyika upande wa Malawi na mvua ndogo ikapita, ya kulaza vumbi tu.

Mengine niliyasikia baadaye. Mchana ule mwalimu alifika kumjulia hali bibi, kama inavyopasa. Akamkuta amelala nusu na nusu. Akapita chumba cha katikati kuwaangalia vyura wake, na kwa kuwa alikuwa na hamu ya kuona wakitaga mayai, akawanyeshea mvua. Alipotaka kuondoka akarudi, akawanyeshea tena, kopo baada ya kopo, mpaka udongo ukanukia. Kisha akaenda zake. Giza lilipoanza kuingia, vyura wa kabatini wakalia wote kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu waletwe. Na kioo kile, kwa jinsi kilivyo, kiliichukua sauti yao kikaizidisha. Bibi alikuwa kitandani na homa yake, dirisha liko wazi upande wa bonde, harufu ya udongo uliolowa imejaa nyumbani.

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, tulikuwa tunarudi na jirani kwenye njia ya juu, vikapu vitupu kichwani. Tulipozunguka kona ambapo mteremko wetu unaonekana wote, jirani akasimama ghafla nikamgonga mgongoni. Mteremko mzima ulikuwa umeinama. Watu kila mahali, wanawake, wanaume, watoto wanafukia kwa miguu, na moshi wa chai haukuwepo kwenye nyumba hata moja.

"Wee! Bibi yako ameshaanza!" jirani akapiga kelele. "Na sisi tunatembea kama wageni!"

Akavua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia. Mwanamke mnene yule, sijamwona akikimbia tena.

Nilimkuta bibi kwenye tuta la sita au la saba, kitenge amekifunga kifuani, jasho linamtiririka, macho yanang'aa kwa homa na kwa furaha. "Mke mwenzangu, umekosa," akaniambia. "Wamelia mpaka nikashindwa kulala. Muda mrefu sijawasikia hivyo." Sikuwa na sababu ya kuuliza lolote. Nilichukua kikapu, nikamfuata nyuma, yeye anachimba, mimi nadondosha na kufukia. Udongo wa juu ulikuwa umelowa kutokana na ile mvua iliyopita, unanata kwenye vidole vya miguu. Tulifanya kazi mpaka jioni, na kikapu kikaisha.

Kisha nikachukua ndoo nikateremka kuchota maji.

Nilifika chemchemini nikajaza ndoo, na wakati natafuta kata ya majani ya kuwekea kichwani, nikatambua kwamba nasikia maji yanavyodondoka. Yanadondoka tone tone. Huwezi kusikia tone bondeni vyura wakiwa wanalia. Nikasimama. Hakukuwa na hata mmoja. Matete yalikuwa makavu miguuni, tope limepasuka vipande. Nikapanda mlima, na nilipoingia uani kwetu nikawasikia. Walikuwa wanalia ndani ya nyumba.

Bibi alikuwa ameketi kizingitini ananawa miguu. Nikatua ndoo, nikamwambia pale pale.

"Bibi, bondeni kimya."

Akainuka na mguu mmoja mkavu na mwingine una tope, akaingia ndani, akasimama mbele ya kabati. Alipotoka akaniuliza, "Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, bibi."

"Umesikiliza vizuri?"

"Nimesikiliza."

Akaketi tena, akamalizia kunawa mguu wa pili. Ule usiku wa homa hakuutaja tena, na hata homa yenyewe sijui iliishaje, maana kuanzia hapo hakuna aliyeikumbuka.

Asubuhi alichukua fimbo, mimi nikatangulia, tukapita nyumba kwa nyumba. Angeweza kunyamaza. Mvua ingechelewa, watu wangelaumu mvua, na yeye angebaki vile alivyo. Alipiga hodi kila mlango, akaamkiana na watu vizuri, akauliza habari za watoto, kisha akasema: "Jamani, nimewapoteza. Niliowasikia ni vyura wa mwalimu, wa ndani. Kama mna mbegu iliyobaki, ifungieni."

"Mama, imeisha," walimwambia. "Tulimaliza jana jioni."

Kwenye nyumba ya jirani palikuwa na watu kadhaa wanakunywa uji. Bibi alisema maneno yale yale. Ndipo mzee mmoja, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akasema, "Kwa hiyo tumepanda kwa amri ya kabati la maandazi." Watu wakacheka mpaka uji ukawapalia. Bibi naye akacheka. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na ule mkono haukucheka.

Mwalimu aliposikia alikuja mbio, sweta lake amelivaa ndani nje. Akaeleza mambo ya kopo na mvua, akasema kosa ni lake, atasimama mbele ya wazazi aseme. Bibi akamkaribisha kiti, akampa ndizi.

"Mwalimu, wewe uliwamwagia vyura maji," akamwambia. "Vyura wakasikia maji, wakalia. Mimi nikasikia vyura, nikapanda. Sasa hapo aliyekosea ni nani?"

Mwalimu akaigeuzageuza ile ndizi bila kuimenya, na mimi mpaka leo sijui ni nani.

Mbegu ziliota, na hicho ndicho kilichouma. Ile mvua ndogo ilitosha kuziamsha. Tuliona vidole vya kijani vimejipanga kwenye matuta, mteremko wote, na juu yake anga jeupe lisilo na kitu. Jua likawaka juma baada ya juma. Majani yakajikunja, yakawa manjano, yakawa nyuzi. Panya wakafukua yale yaliyobaki chini. Watu walivuka mto Songwe kwenda kwa ndugu zao upande wa Malawi kuomba mbegu, wengine wakaenda Isongole. Bibi alipanda kwenye kiti jikoni, akaanza kushusha yale mahindi ya mbegu kutoka kwenye kamba ya moshi, mawili kwa nyumba hii, mawili kwa nyumba ile, mpaka kamba ikabaki yenyewe na masizi yake. Mwaka ule tulikula viazi mpaka nikachukia harufu yake. Hata leo sokoni Tunduma navipita haraka.

Mvua ya kweli ilipokuja, mwalimu na mimi tulilibeba kabati mpaka bondeni, tukalifungua, vyura wakatoka mmoja mmoja wakaingia kwenye matete. Kwenye jani moja la ndani kulikuwa na mayai, kama punje za sago. Mwalimu aliyatazama akayatia majini bila kuwaita wenzangu wa darasani. Mwaka ulipoisha alihamishiwa kwingine, na kabati likarudi kwetu, kuku akalalia humo.

Ile kauli ya mzee wa uji ilikaa kuliko mahindi. Haikuwa chuki, unajua watu wetu, wanakutania kwa kile kinachokuuma ili usione umetengwa. Chemchemini wanawake walikuwa wakiniuliza, "Kabati limesemaje leo?" Nami nilijibu, "Limesema mchote mwende," tukacheka. Bibi akipita njiani, watoto walikoroma kama vyura, na mama zao wakawakaripia, na wao wenyewe wanacheka wameziba midomo.

Miaka michache iliyopita nilikwenda huko kwenye msiba. Bonde limepandwa mikaratusi, imenyooka, mizuri, imekunywa chemchemi yote. Watu wana mabomba. Utabiri wa mvua unaingia kwenye simu, na mbegu zinatoka dukani zimepakwa dawa nyekundu, hazitaki moshi. Sisemi ni vibaya. Wanavuna kuliko sisi tulivyovuna, na watoto wao wananenepa. Niliuliza vyura siku hizi wanalia wapi, kijana mmoja akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mtu asiyemjua. Nilichoka ghafla, nikaomba kiti.

Lakini nikikaa hivi jioni, si bonde ninalolililia. Ni asubuhi moja ya mwaka uliofuata ule wa kabati.

Mvua ilikuwa imenyesha ya kuloweka, siku baada ya siku. Jioni yake bonde zima likalia, wanene na wembamba, sauti inapanda mlima kama watu waliofurika kwenye harusi. Nililala nikiwasikia na niliamka nikiwasikia. Ndani ya nyumba yetu hakukuwa na chura, kulikuwa na kuku. Nilimtolea bibi jembe, nikachukua kikapu cha mbegu nikakiweka mlangoni. Yeye alikuwa ameshaamka, yuko kizingitini, amejifunga kitenge cha shamba, mikono ameilaza mapajani.

"Bibi, wamelia."

"Nawasikia."

"Ni wa bondeni. Nimeteremka, nimewaona kwa macho yangu."

"Najua, mke mwenzangu. Nawasikia."

Hakusimama. Kulikuwa kumekucha kabisa, ukungu umeanza kuachia. Nikamuuliza tunasubiri nini. Akachezea pindo la kitenge chake, halafu akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba ananiagiza chumvi, "Hebu panda pale juu, uniangalizie kama jirani ameshatoka kwenda shambani."

Nikapanda. Jirani alikuwa amesimama uani kwake, kikapu cha mbegu kiko kichwani, anatazama kwetu. Nyumba ya pili yake, yule mzee wa uji naye alikuwa amesimama na jembe begani, anatazama kwetu. Na juu zaidi, na upande wa pili wa njia, kila uwanja ulikuwa na watu wamesimama, wote wanatazama tuta la kando ya njia.

Nilishuka mbio mpaka nikajikwaa. Nikamwambia bibi kwamba wanamsubiri, wote, hata yule mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, nikadhani anasimama.

"Waambie waanze wao," akasema.

Watu walikaa na mbegu zao mpaka jua likawa kali, kila mmoja anamtazama mwenzake. Kisha mmoja akaanza, sijui alikuwa nani, na wengine wakafuata ovyo ovyo, huyu leo, yule kesho, na tangu mwaka huo kila mtu mteremkoni alipanda kivyake. Bibi alipanda wa mwisho.